Sahani ya Noeli: trufu za shokola katika parseli ya Kampemba

Katika kijitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya mahari, matanga, majina ya mapacha na munkoyo. Na sisi tuliombwa kuandika juu ya desturi moja ya nyumbani kwetu. Tulipotaja trufu za shokola za Noeli, wenzetu wa chama walicheka sana. Mmoja alisema: "Ile ni desturi ya Bazungu, mwalimu, uko natuchekesha." Hatukumjibu siku ile. Jibu letu ni kurasa hizi.

Tulizaliwa Kampemba na tunakaa Kampemba mpaka leo. Tunafundisha kemia katika shule ya sekondari tangu tulipopata diploma ya Institut Supérieur Pédagogique hapa Lubumbashi. Tunataja hayo ili ijulikane kwamba hatuandiki juu ya nyumba za matajiri. Parseli yetu ni kama parseli zingine: nyumba mbili, kisima kimoja, mwembe mmoja, na mbabula mbele ya mlango. Ni chini ya mwembe ule ndipo trufu zetu zinatengenezwa, tarehe 23 ya mwezi wa Desemba, mvua ikitoa ruhusa.

Kwanza tueleze trufu ni kitu gani. Ile ya maduka ya Brussels ao Paris ni shokola iliyoyeyushwa ndani ya krimu ya maziwa ya moto, ikaachwa ipoe, ikafinyangwa kwa mikono na kuvingirishwa katika unga wa kakao. Jina lake ni la uyoga mmoja mweusi unaomea chini ya udongo kule Ufaransa, kwa sababu vinafanana sura. Tukiwaeleza watoto jambo hilo wanapiga kelele: "Kumbe tunakulaka bowa!" Na kweli, Desemba ni majira ya bowa huku kwetu pia. Akina mama wanaupanga kando ya barabara, mwingine mpana kama mwavuli wa mtoto.

Trufu ya Kampemba haina krimu, na mara nyingi haina shokola yenyewe. Ni hii: nusu kilo ya biskuti za chai zilizotwangwa, robo kilo ya margarini, gramu 200 za maziwa ya unga, gramu 150 za sukari na gramu 100 za kakao ya unga. Sukari inatwangwa kwanza kwenye kinu mpaka iwe laini, maana sukari ya chenga inalia katika meno. Margarini inalainishwa karibu na mbabula, isiwe juu ya moto, kwa kuwa ikichemka inaachana na maji yake na unga haushikamani tena. Halafu vyote vinakandwa kama unga wa mikate. Mama hakuwahi kutumia mizani. Anafinya kidogo katika ngumi na kufungua mkono: kama donge linabaki na alama za vidole bila kupasuka, basi iko tayari. Mwishoni kila donge linavingirishwa katika karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusu-nusu. Karanga hizo ndizo zinatofautisha trufu yetu na ile ya Bazungu, na tutazirudia.

Kinachobaki ni kupoza. Umeme ukiwapo, friji ya jirani inatosha. Usipokuwapo, na sikukuu nyingi haupo, tunaweka sahani juu ya beseni la maji ya kisima na kuifunika kwa kitambaa kilicholowa, mahali penye upepo. Maji ya kitambaa yakigeuka mvuke yanachukua joto la vitu vilivyo chini yake, ni njia moja na ile ya mtungi wa udongo. Kila mwaka tunawapa wanafunzi mfano huo, na kila mwaka wanaikumbuka trufu kuliko formula.

Kilo moja na gramu 200 inatoa tudonge karibu 80. Hesabu ya nyumba yetu ilikuwa hii: kumi kwa kila sahani ya jirani, sahani tano, thelathini zinabaki kwa ajili yetu. Watoto walipenda kuigeuza hesabu hiyo. Mama alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye mbabula: "Muko nakula yote, basi jirani tutamupelekea nini?"

Sasa, nani alimfundisha mama? Si Mzungu. Ni mama jirani wa mlango wa pili, ambaye wazazi wake walikuwa watu wa Kasai.

Inafaa kukumbusha historia kidogo. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906, na kuanzia miaka ya 1920 iliwaleta wafanyakazi wengi kutoka Kasai pamoja na familia zao, ili wakae na wasirudi upesi vijijini. Katika kambi zake kulikuwa na fwaye, mahali ambapo wake na binti za wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma, kutunza watoto na kupika mapishi ya Kizungu. Mama jirani alizaliwa hapa hapa, mji ukiitwa bado Elisabethville, na aliingia fwaye akiwa msichana. Pale alijifunza keki, biskuti na trufu. Lakini kakao ilikuwa ghali, na nyumbani mwao karanga hazikukosekana. Basi aliongeza karanga ili kupunguza kakao. Alipoolewa na mfanyakazi wa reli na kuhamia Kampemba, alikuja na fundisho hilo, na mama yetu alilipata kwake mwaka wa 1984, wakiwa wamekaa juu ya viti vidogo chini ya mwembe. Sisi tulikuwa na miaka minne, na kazi yetu ilikuwa kulamba mwiko.

Pamoja na trufu, mama jirani alifundisha sheria yake. Sahani inapelekwa mchana wa tarehe 24, imefunikwa kitambaa safi, na inabebwa na mtoto, si na mtu mzima. Mwenye kupokea hatoi shukrani nyingi, wala hairudishi siku ile. Atairudisha kabla ya Mwaka Mpya na kitu ndani yake: mikate, mayai matatu, kipande cha keki, hata chumvi. Alikuwa anasema: "Sahani ya mwenzako hairudiake bule." Kila mama aliweka alama chini ya sahani zake, kama tunavyofanya wakati wa matanga ili vyombo visipotee. Alama ya mama jirani ilikuwa nukta mbili za verni nyekundu ya kucha.

Miaka minane hivi, sahani zilikwenda na kurudi. Hata Noeli ya 1991, baada ya askari kupora mji katika mwezi wa Oktoba na sukari kupotea sokoni, tulitengeneza tudonge ishirini tu, tukapeleka tunne kwa kila nyumba, na nyumbani hatukubakiza hata kamoja. Mwaka ule ndio tunaukumbuka kuwa mtamu kuliko yote.

Halafu ulikuja mwaka wa 1992.

Wakubwa wanakumbuka, na vijana wanapaswa kuambiwa. Katika mkoa wetu, uliokuwa bado ukiitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa tangu mwezi wa Agosti. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Huko Likasi na Kolwezi mambo yalikuwa mabaya zaidi: watu walichomewa nyumba na kulala wiki nyingi kwenye stesheni wakingoja gari la moshi la kuwapeleka mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kupaona. Hapa Lubumbashi ilikuwa afadhali, lakini woga uliingia katika kila parseli. Vijana wa avenyu yetu walipita usiku wakihesabu milango. Shuleni tuliacha kukaa benchi moja na binti wa mama jirani. Hakuna mwalimu aliyetuagiza. Tuliacha wenyewe, na tulikuwa na miaka kumi na miwili, umri wa kujua.

Noeli ilipofika, mama alitengeneza trufu kama kawaida. Sahani ya mama jirani ilikuwa kwetu, kwa sababu mwanzoni mwa Desemba alituletea mihogo ya kuchemsha ndani yake. Mama aliijaza, tudonge kumi, akaifunika kitambaa. Tulipoinyanyua ili tuipeleke, baba alisema kwa sauti ya chini: "Ya kule isitoke."

Baba hakuwa mtu mubaya. Yeye mwenyewe alikuwa amekula katika sahani ile mara nyingi. Aliogopa kwamba mtu angemwona mtoto wake akiingia mlango ule, na kesho yake mlango wetu ungehesabiwa pia. Mama hakubishana. Sahani nne zilitoka, ya tano ikabaki juu ya meza. Siku ya tatu sisi na wadogo wetu tuliinua kitambaa, tukala kumi zote. Zilikuwa tamu. Ndiyo aibu yetu, kwamba zilikuwa tamu.

Mwezi wa Januari 1993, asubuhi moja, tuliwaona wakipakia magodoro na mashini ya kushona juu ya pusipusi. Mama alikuwa ndani, ameshika sahani, amesimama nyuma ya pazia. Nyumbani hakukuwa na kitu cha kuweka ndani yake asubuhi ile, hata unga. Na sahani ya mwenzako hairudiake bule. Pusipusi ilipita kona, mama akairudisha sahani kabatini. Mpaka leo hatujui kama ni desturi ndiyo ilimzuia, ao ni woga uliojificha nyuma ya desturi. Tulimwuliza mara moja tu, tukiwa watu wazima. Alijibu: "Hata mimi sijue."

Sahani ile haikutumika tena. Mama aliiosha kila mwisho wa mwaka pamoja na zingine, akaikausha, akairudisha kabatini. Trufu zilizidi kupungua katika miaka ile ya njaa. Kakao ilikosekana, tukafanya tudonge twa karanga na sukari tupu. Lakini hatukuacha, wala mama hakupunguza sahani za majirani.

Mwaka wa 2007 mama alisikia, kwenye matanga fulani, kwamba binti wa mama jirani amerudi Lubumbashi na anauza vitambaa Bel-Air. Wengi walikuwa wanarudi polepole tangu miaka kadhaa. Tarehe 24 ya Desemba mama alitoa sahani kabatini, akaweka trufu kumi, akafunika, akatuita. Tulikuwa tayari tunafundisha, tuna watoto, lakini alisema: "Ni weye utabeba. Ulikuwa mutoto ile siku." Basi mwalimu wa sekondari alipita barabarani na sahani mikononi kama mtoto, na wanafunzi wake wawili walimwona.

Tulimtambua mara moja, na yeye alitutambua. Tulisema tu: "Ni mama anatuma." Hakufungua kitambaa. Kwanza aliinua sahani juu ya kichwa chake na kutazama chini yake, akaona nukta mbili nyekundu. Alikaa juu ya kiti. Baada ya muda alisema: "Mama alikufa Mwene-Ditu, mwaka wa 1998. Hii sahani alikuwa anaiulizaka." Hatukupata neno. Ndipo alifungua kitambaa, akala kadonge kamoja, akatafuna pole pole, akasema: "Karanga inapunguka." Tulicheka wote wawili, na machozi yalikuwa karibu.

Tarehe 30 alikuja mwenyewe kwetu. Ndani ya sahani kulikuwa na karanga mbichi, zimejaa mpaka ukingoni. Mama alimketisha chini ya mwembe, penye viti vidogo. Hawakusema mengi. Mama alisema: "Mwanangu, tuliogopa." Naye akajibu: "Minajua, mama. Na sisi tuliogopa." Halafu walizungumza juu ya bei ya vitambaa. Baba hakuwapo tena duniani. Tungependa angekuwapo.

Tangu mwaka ule sahani inakwenda Bel-Air na trufu na kurudi na karanga, na trufu za mwaka unaofuata zinavingirishwa katika karanga hizo.

Sasa tumrudie mwenzetu aliyecheka. Anasema shokola si yetu. Ni kweli, mkakao ulitoka Amerika. Lakini mahindi ya bukari yetu yalitoka Amerika pia, mihogo vilevile, hata karanga. Nani leo atasema bukari si chakula chetu? Kitu hakiwi desturi kwa sababu kilizaliwa hapa. Kinakuwa desturi kikipata sheria zake, watu wa kuzifuata, na aibu kwa yule anayezivunja. Bila aibu ile ya 1992, pengine sisi wenyewe tungesema trufu ni bonboni tu. Kwa sababu tuliivunja sheria ndiyo tulijua kwamba ilikuwa sheria.

Kuna jambo lingine tunalowaambia wanafunzi. Mkakao haupendi Lubumbashi: tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, tuna miezi karibu sita bila mvua, na usiku wa Juni ni baridi mno kwake. Lakini nchi yetu inao. Unalimwa katika eneo la Beni na upande wa Mambasa, na watu wanaosema Kiswahili kama sisi, na wengi wao wameuawa katika mashamba yao miaka hii ya vita. Sehemu kubwa ya kakao yao inatoka nje kupitia Uganda ikiwa mbegu kavu. Sisi tunanunua kopo la kakao lililopita Kasumbalesa kutoka kusini. Ni kama wa nyumba moja wanaokutana kwa njia ya ng'ambo. Kiwanda kidogo cha shokola karibu na Mbuga ya Virunga kimeonyesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanyika nchini. Siku shokola ya kule itakapofika soko la komuni ya Kenya kwa bei ya mwalimu, tutaifinyanga chini ya mwembe kwa furaha.

Bei nayo ilitupiga. Mwaka wa 2024 kakao ilipita dola 10,000 kwa tani katika masoko ya dunia, kwa sababu mavuno ya Côte d'Ivoire na Ghana, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao yote, yalikuwa mabaya. Kopo letu likapanda pia. Noeli ile tuliweka gramu 50 badala ya 100 na kuongeza karanga, yaani tulirudia hesabu ya mama jirani wakati wa ujana wake. Mama, ambaye macho yake yamepungua, alifinya donge katika ngumi, akapitisha kidole juu ya alama, akasema iko tayari.

Mwaka ule tulipata tudonge sitini. Watoto wetu walitaka kujua nani atapunguziwa. Tulihesabu kumi za Bel-Air kwanza, tukaziweka ndani ya sahani yenye nukta mbili, tukaifunika. Zilizobaki ndizo tuligawa. Mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka tisa, aliibeba. Alipofika langoni aligeuka akauliza kama atapita njia ya nyuma, maana ni fupi. Mama alimjibu kutoka chini ya mwembe: "Hapana. Pita mbele, bantu bakuone."